Rangi ya Fahali

Saa kumi kamili sauti ya Dhieu ilitoka redioni ikikwaruza: "Mama, niko salama. Leteni ndege."

"Asante Yesu," akanong'ona mjane aliyeshika redio ya shirika la misaada pale Lodwar. Lakini hakumruhusu rubani aliyesimama mlangoni aondoke. Kila mfanyakazi aliyevuka kwenda Sudani aliacha ofisini kadi yenye swali na jibu alilolijua yeye. Akiulizwa redioni akajibu tofauti, basi ameshikiwa bunduki, na ndege isiende.

Kadi ya Dhieu, kijana Mdinka wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ilikuwa vidoleni mwa mjane. Akabonyeza kitufe.

"Mwanangu, fahali wako wa kwanza alikuwa rangi gani?"

Kule aliko Dhieu mtu mwingine akakohoa.

"Mweusi, mama."

Kadi ilisema mweupe. Na Mdinka anaweza kusahau mwaka aliozaliwa, lakini si fahali wake.

"Vipi mama, niwashe?" rubani akauliza. "Jua linatuacha."

"Mama," Dhieu akarudia, taratibu, kama anayebembeleza mtoto. "Umenisikia? Nimesema mweusi."

"Nimekusikia, mwanangu," akajibu, na kwa mkono akamwashiria rubani aketi.