Sekunde Tisa

Kwa wiki tatu Alistidia alitafuta programu ya kuchambua video zilizobanwa zikapoteza ubora, na zote zilimshinda bei. Hatimaye akapata moja ya bei ya mkungu wa ndizi. Akaifungua dukani kwake Muleba, anapotengeneza simu, ili asome namba ya lori lililomuua mumewe.

Shemeji yake ndiye aliyeitoa video kwenye kamera ya ghala la kahawa anakofanya kazi. Alikaa pembeni akitafuna amwani, zile buni kavu za kienyeji.

Programu ilipanga picha moja moja, kila moja na saa yake. Katika picha moja lori lilionekana lote kwa ubavu, limesimama, mlango wazi, mumewe akiwa chini. Iliyofuata ilikuwa barabara tupu. Kati ya hizo mbili, sekunde tisa hazikuwepo.

"Umeme ulikatika," shemeji alisema.

"Hapana, shemeji. Imekatwa kwenye kompyuta, siku moja baada ya mazishi. Tarehe hii hapa."

Shemeji aliacha kutafuna. Shavu moja lilikuwa limevimba kwa kahawa, na halikusogea.

"Nani alishuka kwenye lile lori?"

Shemeji alitema kahawa kiganjani, akainuka, akafunga mlango wa duka kabla ya kumjibu.