Mashine ya Tisa

Siku tatu mashine kumi na mbili za kompyuta zilikuwa zimegoma kuendesha programu ya Salha, na matokeo ya mitihani yalitakiwa kesho yake. Akaja Mbodze, mgeni wa wiki mbili pale ofisini, akatupa jicho mara moja tu.

"Dada, programu yako inataka toleo jipya la maktaba ya msimbo, yale mafaili inayoyategemea. Mashine zina la zamani."

Akaziwekea jipya. Bosi akampigia makofi. Roho ikamuuma Salha.

"Umezimaliza zote?"

"Zote zilizomo kwenye orodha yako, dada."

Ya tisa Salha alikuwa ameiunga mwenyewe, akasahau kuiandika orodhani; sasa akakumbuka kuwa hiyo ingali na toleo la zamani. Akatabasamu, akapiga makofi kuwashinda wote, huku macho yakifuata taa za kijani za mashine zikiwaka moja moja: sita, saba, nane.