Perege wa Beseni

Mto ulipokauka ukabaki madimbwi, Nyamizi alirudi nyumbani na perege mmoja tu ndani ya ndoo, mdogo kama kiganja chake. Mgongo ulimuuma, na miguu ilikuwa mizito. Alipomshika samaki ili amkate, aliona mdomo umefura. Akaupanua kwa kidole, na vitoto vidogo kama punje za ulezi vikamwagikia ndooni. Kumbe perege alikuwa amebeba wanawe mdomoni, naye kwa siku zote alizowabeba hakula kitu.

Nyamizi akakaa chini, kisu mapajani. Baadaye akawamimina wote katika beseni la maji ya kunywa.

Mumewe, Maganga, akatoka ndani na kikombe.

“Mama Kabula, hayo ndiyo maji tuliyobakiwa nayo. Na huyo ndiye kitoweo chetu.”

“Najua, baba. Mkono umekataa tu.”

Maganga akapumua kwa uchovu, akainama achote. Kivuli chake kilipotanda juu ya maji, vitoto vyote vikakimbilia mdomoni mwa mama yao, naye akaufumba. Maganga akabaki ameinama vilevile, kikombe hakijagusa maji.