Bastola Iliyokubali Kila Risasi

Ngatia, mhunzi wa kijijini Wamagana, alielekeza bastola kwenye ukingo wa mto, akafyatua. Ikalia.

Aliiunda mwenyewe kwa ajili ya kifungua mimba wake aliyeingia msituni kupigania uhuru, ili ikubali risasi yoyote yeye na wenzake watakayoiba, ya polisi au ya setla wa Kizungu. Zile nyembamba alizivisha uzi wa gunia zisicheze ndani. Kijana akauawa na homgadi, mgambo wa wakoloni, na watu wakasema chuma cha baba kiligoma. Tangu siku hiyo Ngatia hakushika nyundo.

Sasa uhuru umekuja. Mmoja wa wenzake yule kijana ametoka msituni akairudisha bastola, risasi zikiwa ndani vilevile tangu siku ile.

Akafyatua tena. Risasi nyembamba ikatoka, uzi ukabaki ukining'inia mdomoni mwa bastola, ukifuka moshi. Ya tatu pia ikatoka.

Bastola haikugoma. Mwanawe wa kwanza hakuifyatua.

Kitinda mimba wake, aliyekuwa homgadi miaka ile, akashuka mbio kutoka shamba la kahawa. "Baba, ni nini hiyo inalia?"

Ngatia alimtazama sana.

"Siku ile ndugu yako aliuawa," akasema, "alikuona?"

Mwanawe akavua kofia.