Mstari wa Kaa

Siku ile ufukweni walikuwepo Kaa mpima viwanja, Mama Panya na wanawe wanne wachanga.

Kaa alichora mstari juu ya mwani ulioachwa na maji ya bamvua. "Nyumba zote zijengwe huku juu."

"Mwaka jana ulichora kule chini!" Panya alifoka.

"Na bahari nayo ilikuwa kule, shoga. Inaula ufuo."

"Wewe unayetembea upande, mstari utaujulia wapi?" Panya akacheka, akajenga chini.

Bamvua lililofuata likaibomoa nyumba. Panya akapanda mbio, wanawe wamemng'ang'ania, akakuta shimo kavu lenye mlango mpana kuliko Kaa.

"La nani hili?"

"Lako. Nililianza siku ile uliponicheka."

Tangu hapo mstari huchorwa na wawili.