Gari Lisiloingia Uani

Loretta Pruchnik alijifunga mtandio mpaka kidevuni, akavaa miwani ya jua ingawa theluji ilikuwa inaanguka, ndipo akasukuma mlango wa duka la magari. Alikuwa amepanda basi kutoka kwao Flint, Marekani, hadi mji wa mbali ili asionekane na mtu anayemjua. Hata mwizi hajifichi hivyo.

Flint nzima inakula kwa kiwanda cha magari ya Kimarekani, na mwenyeji wa huko akinunua gari la Kijapani ni sawa na kumpokonya jirani tonge mdomoni. Tena mumewe, Chester, ndiye mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Ndiye aliyepigilia kibao uani pa ukumbi wao: magari ya kigeni yasiegeshwe hapa. Kiangazi kilichopita, kwenye harambee ya kanisa, alileta gari bovu la Kijapani, watu wakalipa dola moja moja wapate kulitwanga kwa nyundo. Pigo la kwanza lilikuwa lake. Loretta alishangilia mpaka sauti ikamkauka.

Lakini gari lao wenyewe, la kiwanda hichohicho, lilikuwa na ukaidi wa punda. Mwezi uliopita lilimzimikia njiani, kwenye baridi kali, akikimbilia hospitali kwa mama yake. Alipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Loretta aliapa hatalipanda tena. Leo asubuhi Chester alimsihi tena avumilie.

"Mungu hakutupa mtoto," alimwambia. "Tuko wawili tu. Tukisalitiana sisi, nani atabaki?"

Kisha akaenda zake kwenye mkutano wa chama, kama kila Jumamosi.

Maneno hayo yalimchoma Loretta njia nzima. Mume hakuwahi kumpiga wala kumtukana, na leo yeye anamchimba kisogoni. Muuzaji, bwana mmoja mnene mchangamfu aitwaye Dale, alimwonyesha gari dogo la Kijapani, la bluu. Loretta alikamata usukani, machozi yakamtoka. Alimkumbuka mama yake, akasema atalichukua.

Dale akamuuliza jina. Alitaka kudanganya, ulimi ukakataa.

"Pruchnik? Wa Flint?" Uso wa Dale ukachanua. "Kumbe ndiye wewe, mama. Usione haya, wa kwenu wengi hunijia kwa kujificha. Mzee wako mwenyewe alichukua kama hili mwaka jana, jekundu. Akaniomba nisimwambie mtu, nikanyamaza kama maji ya mtungi. Lakini wewe si mtu baki."

Loretta aliivua miwani yake. Dale akamsogezea kiti, akamwekea kahawa, akakaa mbele yake akitabasamu.

"Enhe, nipe habari," akasema. "Kile kiti cha mtoto tulichomfungia pale nyuma, kichanga wenu bado kinamtosha?"