Msumeno wa Ishirini na Tatu

"Kabla ya maji, shemeji, niambie. Msumeno uko wapi?"

Ndivyo mgeni alivyoanza, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, mwingine kwenye fimbo, pumzi zikimtoka kwa taabu. Pikipiki iliyomleta ilikwisha kumshusha na kuondoka. Miguuni pake palikuwa na boksi kubwa, jipya, halijafunguliwa hata gundi.

Mjane alimvutia kiti kwanza. Tangu mumewe afe kwa ugonjwa wa kifua, miaka sita iliyopita, hakuna aliyekuwa amemwita shemeji, na neno lile lilimpendeza. Kuna wazee wana adabu zao.

"Mwanangu anao, kilimani, anakata miti. Ndiye wewe unayekusanya misumeno ya zamani? Tumekusikia."

"Ndiye mimi." Akataja rangi ya msumeno huo, nyekundu, akataja na namba iliyogongwa chini ya tangi la mafuta, bila kutazama karatasi yoyote. "Nimekuleteeni mpya. Tubadilishane."

Mjane alilitazama boksi, kisha akamtazama yeye. "Unatoa kipya uchukue kikuukuu? Basi ungebeba na magoti yangu, nayo ni ya zamani."

Mgeni alitabasamu kidogo, kama mtu aliyesahau inavyofanywa. Vidole vyake vilikuwa na ule weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni. Alipoulizwa, alisema kwamba kila msumeno anaoupata huufungua hadi skrubu ya mwisho, huuosha kwa mafuta ya taa, kisha hurudisha kila kitu mahali pake pa kwanza, kama ulivyotoka kiwandani.

"Na unayo mingapi sasa?"

"Kumi na tisa. Ya aina hii, huku kwenu, ilikuwa ishirini na mitatu."

"Na iliyobaki?"

"Mmoja ndio huu wenu. Mitatu nilichelewa."

"Wanunuzi wa vyuma chakavu hao," mjane alisema kwa huruma. "Hawaachi hata sufuria."

Mgeni alifungua mdomo, akaufunga. Mjane alidhani ni pumzi tena, akamfungulia dirisha.

Sauti za misumeno ziliingia kutoka kilimani, mitano au sita ikinguruma kwa pamoja. Mgeni aliinua kidole. "Ule mzito. Ndio huo." Mjane alistaajabu. Yeye aliyeusikia miaka thelathini alikuwa hawezi kuutofautisha na wa jirani.

"Hakuna wa kumfuata?"

"Wanaume wote wako huko huko. Na simu yake ile pale, inakula umeme."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

Alisimama, na mguu wake uliovimba ukamkatalia palepale. Mjane alimdaka kiwiko, akamrudisha kitini, akamwekea na mto mgongoni. "Ni mwendo wa saa nzima, tena wa kupanda. Utafika umebebwa. Saa saba anashuka kula, utauchukua hapa hapa umekaa."

"Ningependa asiutumie tena leo."

"Unaogopa atakuchubulia rangi?" Mjane alicheka. "Usiwe na wasiwasi. Mkono wake mwepesi, kafundishwa na baba yake. Marehemu alikuwa akitamba nao, anasema misumeno ya wengine inasimama-simama ovyo, wake ukishaanza hausimami mpaka mti ulale."



Mjane alimimina chai, akamtilia sukari vijiko viwili bila kuuliza, kwa sababu alikuwa na uso wa mtu aliyesafiri bila kula. Alikuwa akiwaza juu ya lile boksi. Ni nani siku hizi anayepanda pikipiki na mguu kama ule ili amletee mtu kitu kizuri? Mwanawe alikuwa akivuta kamba ya ule msumeno mara kumi, mara kumi na tano, kila asubuhi yenye baridi, hadi bega likawa linamuuma usingizini. Sasa bega lingepumzika. Alitamani kumshukuru mzee huyu, lakini kila alipoanza, mzee aliyakwepa macho yake.

"Shemeji," mgeni alisema ghafla. "Kuna jambo nilitakiwa kulisema tangu mlangoni."

"Kunywa kwanza, baba. Hakuna anayekukimbiza."

Ule mzito ukanyamaza.

"Umeona?" Mjane akainuka kutafuta sahani ya tatu. "Amezima. Leo kawahi. Bahati yako."

Alipogeuka, mgeni alikuwa amesimama bila fimbo, chai imemwagikia mapajani, wala hajaisikia.

"Msumeno ukizimwa, sauti hushuka kwanza," alisema. "Ule haukushuka, umekatika ghafla."

Akatoa ndani ya koti kipande cha chuma kilichopinda, kimesuguliwa hadi kinang'aa, kimefungwa kikaratasi chenye ile namba. Akakiweka mezani taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu.

"Breki yake hiyo. Msumeno ukimrukia mtu usoni, ndiyo inayousimamisha mnyororo. Mumeo alisema inamchelewesha kazi. Wenzake nao wakasema hivyo hivyo. Nikazifungua mimi, kwa mikono hii, zote ishirini na tatu, na sasa..."

Mjane alimwinulia mkono anyamaze, maana kule kilimani misumeno mingine nayo ilikuwa ikishuka na kuzimwa, mmoja baada ya mwingine.